Kuzihesabu Siku Zetu: Mwongozo Kamili wa Kuishi kwa Mtazamo wa Milele

Zaburi ya 90 ina kichwa kinachosema ni maombi ya Musa, mtu wa Mungu. Ukitaka kujua kwa nini Musa aliomba vile, fungua Kitabu cha Hesabu. Sensa ya kwanza jangwani ilipata wanaume 603,550 wenye umri wa miaka 20 na zaidi, wanaoweza kwenda vitani. Baada ya uasi wa Kadeshi, watu walipokataa kuingia nchi ya ahadi, Mungu akatamka kwamba kizazi hicho kitaishia jangwani katika miaka 40, isipokuwa watu wawili tu. Piga hesabu mwenyewe: ni maziko ya wanaume zaidi ya 40 kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hapo wanawake hawamo. Mtu aliyeongoza watu kati ya makaburi mengi kiasi hicho ndiye aliyesema, "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima."

Musa hakuomba katika mstari huo siku ziongezwe. Aliomba kufundishwa kuzihesabu. Na zaburi iliyoanza na Mungu aliyekuwako kabla milima haijazaliwa inamalizikia mahali ambapo wengi hawapategemei: "Kazi ya mikono yetu uithibitishe." Imeshuka kutoka milele mpaka kwenye mikono iliyochoka. Njia hiyo ndiyo tutakayoifuata hapa. Kuwaza mbinguni bila kurudi kwenye ratiba ya Jumatatu hakumsaidii mtu, na nadhani ndiko kumefanya vijana waone mada hii ni ya wazee na wagonjwa.

Utahitaji Biblia, daftari, kalamu na kalenda. Hatua tatu za kwanza zinaweza kumalizika jioni moja. Nyingine zitakuchukua wiki, na moja au mbili hazina mwisho. Zifuate kwa mpangilio, hasa ile ya kwanza. Ukiiruka, zilizobaki zitageuka mzigo.

Hatua ya 1: Maliza kwanza suala la kifo chako

Waebrania 2:15 inazungumzia watu walio utumwani maisha yao yote kwa sababu ya hofu ya mauti. Mtu wa namna hiyo ukimwambia maisha ni mafupi, anafanya moja kati ya mawili: anakimbilia starehe kabla muda haujaisha, au anakimbilia dini kwa woga, akijaza matendo mema kama mtu anayelipa deni asilolijua kiasi. Yote mawili ni utumwa.

Kwa hiyo usianze na ratiba. Anza na swali hili, na ulijibu kwa maandishi: nikisimama mbele za Mungu leo, tegemeo langu ni nini? Kama jibu lako linaanza na "nimejitahidi", soma Yohana 5:24 polepole. Yesu anasema anayelisikia neno lake na kumwamini yeye aliyempeleka "yuna uzima wa milele, wala haingii hukumuni, bali amepita kutoka mautini kuingia uzimani." Amepita. Safari hiyo haisubiri siku ya mazishi. Na katika Yohana 17:3 uzima wa milele wenyewe umeelezwa kuwa ni kumjua Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo aliyetumwa naye. Basi milele ya Mkristo imekwisha kuanza, na siku hii ya leo imo ndani yake.

Kama bado huna hakika hiyo, simama hapa. Omba kwa maneno yako mwenyewe, na umtafute mchungaji, padri au Mkristo mkomavu mzungumze. Hatua zinazofuata zitakusubiri.

Hatua ya 2: Hesabu kweli, kwa kalamu

Watu husema "maisha ni mafupi" msibani, na wakifika nyumbani wamesahau. Namba ni ngumu zaidi kuzisahau. Zaburi 90:10 inataja miaka 70, au 80 kwa mwenye nguvu. Miaka 70 ni siku kama 25,570, sawa na wiki 3,650 hivi. Mwenye umri wa miaka 35 amekwisha tumia nusu. Mwenye 50 amebakiwa na wiki kama 1,040 kufikia 70. Andika namba yako juu ya ukurasa.

Hiyo namba si ahadi. Kuna atakayeivuka na kuna ambaye hataikaribia, na Yakobo 4:14 haitupi nafasi ya kubishana: "Hamjui yatakayokuwako kesho. Uzima wenu ni nini? Maana ninyi ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka." Iandike tu kama kipimo cha juu cha kufanyia kazi.

Sasa ifanye hesabu iguse watu, maana hapo ndipo inapouma. Tuseme wazazi wako wanaishi mbali na unawatembelea mara mbili kwa mwaka. Kama Mungu akiwapa miaka kumi zaidi, una ziara 20. Ukikaa nao siku tatu tatu, ni siku 60 za kuwa nao uso kwa uso hadi mwisho, miezi miwili. Mwanao ana miaka 12, na akifikisha 18 ataanza kuondoka nyumbani? Mna Jumapili kama 312 za kwenda ibadani pamoja. Chagua watu watano, andika majina yao, na mbele ya kila jina weka makadirio ya namna hiyo. Usiharakishe kwenye ukurasa huu. Wengi hugundua kwamba mtu wanayedai kumpenda kuliko wote ndiye mwenye namba ndogo kuliko zote.

Hatua ya 3: Ikague wiki yako iliyopita

Wiki ina saa 168. Chukua wiki iliyopita, wala si ile unayotamani kuwa nayo, na uigawe: usingizi, kazi, safari za kwenda na kurudi, nyumba, familia, ibada, simu, mengineyo. Kwenye simu usikadirie. Simu nyingi zina sehemu ya mipangilio inayoonyesha muda wa matumizi. Saa mbili kwa siku zinaonekana kidogo. Kwa mwaka ni saa 730, yaani siku 30 kamili, mchana na usiku, bila kulala.

Kisha pitia kila fungu na ujiulize: katika hili, kuna kitakachobaki? Paulo anatumia picha ya jengo katika 1 Wakorintho 3. Msingi ni Kristo, lakini kila mmoja anaangalia anavyojenga juu yake: dhahabu, fedha na mawe ya thamani, au miti, majani na manyasi. Siku ile itapima kwa moto. Anayeunguliwa na kazi yake ataokolewa mwenyewe, ila mikono mitupu.

Hapa kuna kosa ambalo ningependa ulikwepe. Usiweke alama ya "milele" kwenye maombi na kwaya, halafu ukaweka "dunia" kwenye kazi na kufua nguo. Paulo aliwaandikia watumwa wa Kolosai, watu wasiokuwa hata na uhuru wa kupanga siku yao, kwamba lolote wafanyalo walifanye kwa moyo kama kwa Bwana, kwa kuwa watapokea kwake ujira wa urithi. Yesu alisema hata kikombe cha maji ya baridi hakitakosa thawabu. Mhasibu anayekataa kupindisha hesabu anajenga kwa dhahabu. Binti anayemgeuza mama yake mgonjwa kitandani usiku wa manane ili asipate vidonda anajenga kwa dhahabu, hata kama mwezi huo hajahudhuria mkesha hata mmoja. Na mhubiri anayehubiri ili jina lake lijulikane anaweza kuwa anabeba manyasi.

Ukishamaliza ukaguzi, mwonyeshe mtu. Mwenzi wako, rafiki mnayeomba pamoja, kiongozi wako wa kanisa. Sababu yangu ni Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani wa karne ya 18. Akiwa kijana wa karibu miaka 19, mwaka 1722, alianza kuandika maazimio yaliyofika 70, na la saba lilikuwa kutofanya kamwe jambo ambalo angeogopa kulifanya kama ingekuwa saa yake ya mwisho. Aliyasoma mara kwa mara. Ni vigumu kumpata mtu aliyeutazama umilele kwa bidii kuliko yeye. Hata hivyo Edwards alimiliki watumwa, na hakuona shida. Alikufa mwaka 1758 akiwa na miaka 54, baada ya kuchanjwa ndui, na doa hilo likabaki. Mtu anaweza kuiwaza milele kila siku na bado asimwone jirani yake aliye mlangoni. Wewe na mimi tuna upofu wetu, na kwa kawaida wengine huuona kabla yetu.

Hatua ya 4: Badilisha namna ya kuamua

Wafanyabiashara wa Yakobo 4 hawakukosea kupanga. Walikuwa na mji, muda wa mwaka mzima, biashara na faida. Mpango mzuri kabisa. Kosa lao ni kwamba Mungu hakuwemo, na kesho waliihesabu kuwa mali yao. Dawa anayotoa Yakobo ni "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Sisi tumeligeuza "Mungu akipenda" kuwa njia ya heshima ya kumwambia mtu kwamba hatutafika. Lirudishe mahali pake: litamke kabla ya kuamua, ukiwa tayari kuambiwa hapana.

Tuchukue uamuzi mmoja tuupitishe kwenye mizani hii. Baba wa watoto wawili amepewa kazi mpya mbali na nyumbani, mshahara mara mbili ya wa sasa. Familia itabaki. Atakuwa anarudi mara moja kila baada ya miezi mitatu.

Swali la kwanza si la kiroho sana: fedha ya ziada itafanya nini hasa? Andika. Kama ni deni linalotishia nyumba, au matibabu ya mtoto, jibu lina uzito. 1 Timotheo 5:8 inamwita asiyewatunza walio wake mbaya kuliko asiyeamini. Kama ni gari kubwa zaidi, liandike hivyo hivyo, "gari kubwa zaidi", ulione.

Pili, nani atalipa gharama ambayo haimo kwenye mkataba? Rudi kwenye hesabu ya hatua ya pili. Mtoto wa miaka kumi atakutana na baba yake mara nne kwa mwaka, katika miaka ambayo anaamua atakuwa mtu wa namna gani. Mke atalea peke yake. Nani atamwombea huyu baba, nani atamkemea akianza kupotea huko aliko?

Tatu, tuseme miaka mia moja imepita, na sote tumesimama mbele za Kristo: ningependa niwe nimechagua lipi? Swali hili halitoi jibu lile lile kwa kila mtu. Baba mmoja ataikataa kazi. Mwingine ataipokea kwa mwaka mmoja uliowekwa mpaka, deni limalizike, akiwa amepanga simu ya kila jioni ya kusoma Neno na watoto, na amekwisha tafuta kanisa huko aendako kabla ya kutafuta chumba. Wote wawili wanaweza kuwa wametii. Asiyetii ni yule ambaye hakujiuliza.

Tumia maswali haya matatu kwenye maamuzi makubwa tu: kazi, ndoa, kuhama, kujenga, kukopa. Ukiyatumia kuchagua viatu utachoka na utawachosha wenzako.

Hatua ya 5: Fedha

Tajiri wa Luka 12 hakuiba, na mavuno yake yalikuwa halali. Soma tena mipango yake, mstari wa 17 hadi 19: ghala zitavunjwa, nyingine zitajengwa, nafsi itaambiwa ile, inywe, ifurahi kwa miaka mingi. Katika mpango wote huo hakuna mtu mwingine hata mmoja. Hakuna mke, mfanyakazi, jirani wala maskini, na Mungu hayumo. Usiku ule ule akaitwa mpumbavu na roho yake ikatakiwa.

Akiba yenyewe haikukatazwa. Mithali inamsifu chungu anayekusanya wakati wa mavuno. Kwa hiyo fanya mambo matatu ya wazi. Kwanza, sehemu ya kutoa itoke mapato yanapoingia, kabla ya matumizi, maana ikisubiri mwisho wa mwezi haitapatikana. Pili, andika kiwango cha "inatosha": nyumba ya ukubwa gani, akiba ya miezi mingapi, na mapato yakivuka hapo yaende wapi. Kiandike sasa kabla hujakifikia, kwa sababu ukikifikia utakisogeza. Tatu, kila mwezi toa kitu kimoja ambacho hakuna atakayejua, hata kanisani. Mathayo 6 inaonya kwamba anayetoa ili aonekane amekwisha kupata thawabu yake, na hakuna kingine kinachomsubiri.

Na tafadhali, ukisikia mafundisho kwamba ukitoa leo utarudishiwa mara mia kwa fedha, ujue hayo yanaitumia mbingu kama njia ya kurudi kwenye ghala.

Hatua ya 6: Watu uliogombana nao

Nimeiweka hatua hii baada ya fedha kwa kuwa ni ngumu zaidi. Wengi wako tayari kutoa sadaka kubwa kuliko kupiga simu moja. Lakini Yesu, katika Mathayo 5:23-24, anasema sadaka iachwe mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako, ndipo urudi. Paulo anaweka kikomo cha muda: jua lisichwe kabla uchungu haujawatoka. Wote wawili wanazungumza kama watu wanaojua kwamba mtu anaweza kutokuwepo kesho.

Chukua daftari, andika majina ya watu ambao wakifariki wiki hii utabaki na neno ambalo hukulisema. Ligawe neno hilo: kuomba msamaha, kusamehe, kushukuru, au kusema ukweli uliofichwa. Anza na jepesi, ambalo kwa kawaida ni shukrani. Mwalimu aliyekusomesha kwa uvumilivu, shangazi aliyekulea, mzee wa kanisa aliyekutembelea hospitalini. Shukrani tatu zikishatumwa, ulimi unakuwa umezoea.

Kisha omba msamaha pale ulipokosa. Taja kosa lenyewe, na usiweke "lakini". Linganisha ujumbe huu: "Dada, kama kuna mahali nilikukwaza naomba unisamehe, ila na wewe ulinisema vibaya", na huu: "Dada, shikamoo. Siku ya kikao cha familia nilikujibu kwa dharau mbele ya watoto wako. Nilikosa. Sina cha kujitetea. Naomba unisamehe, na kama uko tayari ningependa nije tuongee." Wa kwanza ni mwendelezo wa ugomvi. Wa pili unaweza kupokelewa au kukataliwa, ila umesema kweli. Usidai jibu, wala usitume wa kumkumbusha kesho yake.

Kusamehe aliyekukosea kuna njia yake. Unaweza kulifuta deni mbele za Mungu hata kama mhusika hajatubu, amekufa, au hapatikani. Kupatana ni jambo jingine, linahitaji watu wawili, Warumi 12:18 inaweka mpaka huo kwa busara: "Kama yamkini, kwa upande wenu." Na kama mtu alikupiga au alikudhulumu kimwili, ufupi wa maisha haukulazimishi kurudi kwenye nyumba ambayo huko salama. Samehe ukiwa mbali, na umhusishe mtu mwenye mamlaka anayeweza kukulinda. Viongozi wa kanisa wanaomrudisha mwathirika kwa aliyemuumiza kwa jina la msamaha wanatenda dhambi nyingine.

Hatua ya 7: Tengeneza mambo ya nyumba yako

Mfalme Hezekia alipougua, Isaya alimletea neno: "Tengeneza mambo ya nyumba yako; maana utakufa, wala hutapona." Hezekia aliomba, akaongezewa miaka 15. Sisi hatujaletewa nabii mwenye tarehe, kwa hiyo tutengeneze tukiwa na afya.

Kuna Wakristo wanaoona kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Wakati huo huo wanaimba kwamba hawaogopi kufa. Anayeachiwa mateso ni mjane anayezunguka ofisi hadi ofisi, na yatima wanaotazama ndugu wakigombania vitu. Upendo kwa watakaobaki ni sehemu ya mtazamo wa milele, hata ukiwa umeandikwa kwa lugha ya mwanasheria.

Andaa: wosia unaofuata sheria za nchi yako, wenye mashahidi wanaotakiwa; orodha ya mali na mahali hati zilipo; madeni unayodaiwa na unayodai, pamoja na majina; akaunti, bima, na namna ya kuingia kwenye simu na barua pepe; jina la atakayelea watoto wadogo, akiwa amekubali mwenyewe; na matakwa yako kuhusu mazishi, mafupi tu. Weka nakala kwa mtu mmoja au wawili unaowaamini na uwaambie ipo. Wosia usiojulikana ulipo ni sawa na ambao haukuandikwa. Ongeza barua kwa kila mtoto, hata ya nusu ukurasa.

Hatua ya 8: Taabu zikija

Paulo aliita dhiki yake "nyepesi, iliyo ya muda wa kitambo tu", inayomfanyia utukufu wa milele upitao kiasi. Kabla hujakubali au kukataa, soma orodha yake katika 2 Wakorintho 11: mijeledi arobaini kasoro moja mara tano, fimbo mara tatu, mawe mara moja, kuvunjikiwa jahazi mara tatu. Hakusema nyepesi kwa sababu haikuuma. Aliipima kwa kuiweka upande wa pili wa utukufu.

Uzito huo mtu anaupima kwa dhiki yake mwenyewe. Ukienda kwa aliyefiwa na mtoto, usimwambie ni ya kitambo tu. Yesu alijua kwamba dakika chache baadaye Lazaro angetoka kaburini, na bado alilia. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na matumaini, hakuwaambia wasihuzunike. Kaa na mfiwa. Osha vyombo. Maneno ya mbinguni yatapata nafasi yake, mara nyingi baada ya umati kuondoka.

Ikiwa kuwaza kifo kunakunyima usingizi wiki hadi wiki, au unaanza kutamani kufa ili upumzike, mwambie mtu leo na utafute daktari au mshauri. Shauku ya Paulo ya kwenda kukaa na Kristo iliambatana na utayari wa kubaki kwa ajili ya wengine. Kukata tamaa ni hali nyingine, inayotibika, wala si ukosefu wa imani.

Kuna pia mtego wa kuacha kila kitu kwa kuwa "Bwana yu karibu". Tarehe 22 Oktoba 1844 maelfu ya wafuasi wa mhubiri William Miller nchini Marekani walimngoja Kristo arudi siku hiyo, kwa hesabu zilizoonekana za uhakika. Kukakucha. Yesu alikuwa amesema wazi kwamba siku hiyo hakuna aijuaye, na Wathesalonike walioacha kazi waliambiwa na Paulo kwamba asiyetaka kufanya kazi, na asile. Panda mti unaochelewa kuzaa. Soma shahada ya miaka minne. Bwana akirudi katikati, atakukuta kazini.

Hatua ya 9: Mazoea ya kuudumisha

Azimio la jioni moja hufifia kabla ya mwezi kwisha, kwa hiyo lifunge kwenye mambo yanayojirudia.

Kila usiku, dakika tano: mshukuru Mungu kwa jambo moja la siku hiyo, ungama moja, mkabidhi moja, kisha lala na Zaburi 4:8. Watawa wanaofuata kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, wameagizwa kuweka kifo mbele ya macho yao kila siku, na sala yao ya mwisho ya siku huomba usiku mtulivu na mwisho mwema. Kila usingizi ni zoezi la kuachilia.

Kila Jumapili, pumzika kweli. Anayeshindwa kuacha kazi siku moja anaamini, hata kama hasemi, kwamba dunia inamtegemea yeye.

Misibani, usikae nje na simu. Mhubiri 7:2 inasema nyumba ya msiba ni afadhali kuliko ya karamu, kwa kuwa aliye hai atautia moyoni. Sikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa. Ukirudi nyumbani andika sentensi mbili ambazo ungependa zisemwe kwako bila msomaji kulazimika kudanganya.

Na kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwako, soma Zaburi ya 90 yote, rekebisha namba ya hatua ya pili, pitia wosia, na uliza mtu yule yule aliyeona ukaguzi wako wa kwanza: nini kimebadilika?

Kwa anayesoma haya akiwa na umri mkubwa

Namba yako ya wiki inaweza kuwa ndogo, au umeshaivuka, na hatua kama ya tatu zikakuletea majuto zaidi ya msaada. Waliokuja shambani saa ya kumi na moja, katika Mathayo 20, walilipwa dinari ile ile. Ana binti Fanueli alikuwa mjane wa miaka 84. Hakutoka hekaluni, na alipomwona mtoto Yesu akawa anawaeleza habari zake wote waliokuwa wakitazamia ukombozi wa Yerusalemu. Yakobo mwana wa Isaka, macho yamefifia, aliketi kitandani akawabariki wajukuu wawili kwa kuweka mikono vichwani mwao.

Una kazi ambayo vijana hawaiwezi. Wasimulie jinsi Mungu alivyokutendea, pamoja na ulipoanguka. Mjukuu anaweza kukurekodi kwa simu. Wapatanishe watoto wako ungali unasikilizwa. Na andika majina ya wote waliotoka kwako, wajukuu na vitukuu, jina moja kwa siku, umtaje huyo mbele za Mungu asubuhi hiyo, kisha umpigie kumwambia kwamba leo ilikuwa zamu yake.